Mwili Nyuma ya Mashine: Maisha ya Kisanii ya Tim Bergling (Avicii) katika Historia ya Muziki wa Dansi wa Kielektroniki, 2008–2018

Ikisiri

Makala hii inachunguza maisha ya kisanii ya Tim Bergling, DJ na mtayarishaji wa muziki kutoka Uswidi aliyejulikana ulimwenguni kwa jina la Avicii. Hoja yake kuu ni kwamba maisha hayo yalitawaliwa na mkinzano mmoja. Kompyuta ilimwezesha kijana kutunga muziki bila bendi, bila studio na bila kusimama mbele ya watu. Hata hivyo, namna tasnia ilivyopata fedha ilimlazimu kijana huyohuyo kuusafirisha mwili wake kutoka jukwaa moja hadi jingine. Makala inaonesha chimbuko la mkinzano huo, jinsi ulivyokua kati ya mwaka 2008 na 2016, na funzo lake kwa uandishi wa historia ya muziki.

1.0 Utangulizi

Tarehe 28 Agosti 2016, katika hoteli ya Ushuaïa kisiwani Ibiza, Hispania, Tim Bergling alifanya onyesho lake la mwisho. Alikuwa na umri wa miaka 26. Katika kipindi cha takribani miaka minane alikuwa amefanya maonyesho zaidi ya 800 katika mabara mbalimbali, na nyimbo zake zilikuwa bado zinapigwa redioni kila siku. Hakufukuzwa na soko, wala hakukosa mashabiki. Aliondoka mwenyewe, akiwa bado katika kilele cha soko lake.

Historia za wanamuziki wa aina yake zimeelekea kuandikwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni ya kuorodhesha mafanikio: chati, tuzo, mauzo na ukubwa wa hadhira. Namna ya pili ni simulizi ya anguko, ambamo kipaji huzaa umaarufu, umaarufu huzaa ulevi, na ulevi huleta msiba. Namna zote mbili humtazama mtu mmoja na kuisahau kazi yenyewe, yaani shughuli aliyoifanya siku hadi siku, vifaa alivyotumia, na njia ambazo fedha zilipita kabla ya kumfikia. Makala hii inaitazama kazi hiyo.

Kabla ya kuendelea, ni vyema kutofautisha istilahi mbili. Katika makala hii, DJ ni mtu anayechagua na kuunganisha muziki uliokwisha kurekodiwa mbele ya hadhira. Mtayarishaji ni yule anayeutunga na kuusuka muziki huo hadi ukawa rekodi. Historia ya muziki wa dansi wa kielektroniki ni, kwa sehemu kubwa, historia ya jinsi kazi hizi mbili zilivyokutana ndani ya mtu mmoja.

2.0 Usuli: Kutoka Chicago hadi Stockholm

Muziki alioupiga Bergling haukuzaliwa Ulaya. Mwaka 1977, Frankie Knuckles alianza kupiga muziki katika klabu ya Warehouse mjini Chicago, Marekani. Klabu hiyo ilikuwa kimbilio la vijana Weusi na Walatino, wengi wao mashoga, ambao hawakukaribishwa kwingine. Inaaminika kwamba jina la muziki wa hausi lilitokana na jina la klabu hiyo. Huko Detroit, vijana Weusi akina Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson waliunda muziki wa tekno katika miaka ya 1980. Katika miji yote miwili, aliyetangulia alikuwa DJ. Alijifunza usiku baada ya usiku kile ambacho wachezaji walikihitaji, kisha akaingia studio kutengeneza rekodi za kukidhi haja hiyo.

Ulaya ilikuwa na mchango wake. Kundi la Kraftwerk la Ujerumani lilionesha kuwa wimbo mzima unaweza kujengwa kwa ala za kielektroniki, na mwaka 1977 Mwitaliano Giorgio Moroder alimtayarishia Donna Summer wimbo wa "I Feel Love" kwa kutumia sintesaiza. Hata hivyo, ni mwishoni mwa miaka ya 1980, hasa kupitia kisiwa cha Ibiza na klabu za Uingereza, ndipo hausi na tekno zilipogeuka kuwa utamaduni wa umati barani humo. Katika mageuzi hayo nafasi ya DJ ilibadilika. Aliyekuwa akikaa pembeni ya ukumbi alihamishiwa jukwaani, jina lake likaandikwa kwenye tiketi, na wachezaji wakaanza kumtazama yeye badala ya kutazamana.

Stockholm iliingia katika historia hii ikiwa tayari mji wa watunzi. Baada ya kundi la ABBA kushinda shindano la Eurovision mwaka 1974, Uswidi ilijenga sifa ya kuuza nyimbo nje ya mipaka yake. Mwaka 1992 ilianzishwa studio ya Cheiron, iliyoongozwa na Denniz PoP, ambaye alianza kazi akiwa DJ. Ni katika studio hiyo Max Martin alipojifunza utunzi uliomwezesha baadaye kutawala chati za Marekani. Urithi wa Cheiron ulikuwa imani kwamba mahadhi ndiyo uti wa mgongo wa wimbo: mdundo humwinua msikilizaji kitini, lakini mahadhi ndiyo anayorudi nayo nyumbani. Kufikia mwaka 2008, Axwell, Steve Angello na Sebastian Ingrosso walikuwa wakijulikana kama Swedish House Mafia, na baadaye waliuthibitishia ulimwengu kwamba hausi ya Uswidi inaweza kujaza viwanja.

3.0 Chumba cha Kulala kama Studio, 2008–2010

Tim Bergling alizaliwa Stockholm tarehe 8 Septemba 1989. Baba yake ni Klas Bergling, na mama yake, Anki Lidén, ni mwigizaji mashuhuri nchini Uswidi. Akiwa bado mwanafunzi alianza kutumia programu ya kompyuta iitwayo FL Studio. Programu hiyo huonesha muziki kama jedwali: kwenda juu ni kupanda kwa sauti, na kwenda kulia ni kusonga kwa wakati. Mtunzi huchora noti kwa kipanya, akabonyeza kitufe, na papo hapo husikia alichokichora. Hahitaji kujua kusoma noti, hahitaji vidole vyepesi vya mpiga kinanda, wala hahitaji mwenzake wa kupiga ngoma. Kinachobaki kupimwa ni sikio na subira.

Mbinu hiyo ilimfaa kijana mwenye haya. Bergling alitunga nyumbani kwao, akatuma kazi zake kwenye intaneti na kupokea maoni ya watu asiowafahamu. Jina la Avicii alilitoa katika dini ya Kibudha, ambamo Avīci ni ngazi ya chini kabisa ya jehanamu. Herufi "i" ya ziada iliongezwa kwa sababu jina lenyewe lilikuwa limekwisha kuchukuliwa kwenye mtandao wa Myspace. Mwaka 2008 alishinda shindano la watayarishaji chipukizi lililoendeshwa na Pete Tong, mtangazaji wa BBC Radio 1. Mwaka huohuo Arash Pournouri, aliyekuwa mwandaaji wa matamasha jijini Stockholm, alimtafuta na kuwa meneja wake. Mgawanyo wao wa kazi ulikuwa bayana: Bergling atatunga, na Pournouri atashughulikia mengineyo yote.

Hapa ndipo mkinzano ulipoanza. Ma-DJ wa Chicago walianzia ukumbini wakaishia studio. Bergling alikwenda kinyume chao, kwani alikuwa mtunzi aliyelazimika kujifunza u-DJ ili utunzi wake upate soko. Knuckles alikuwa na miaka mingi ya kuzoea umati kabla umati haujawa mkubwa. Bergling alipelekwa mbele ya umati kwa sababu ya nyimbo alizozitunga akiwa peke yake. Wimbo wa "Seek Bromance" wa mwaka 2010, alioutoa kwa jina la Tim Berg, uliingia katika chati za nchi kadhaa za Ulaya, na mialiko ikaongezeka.

4.0 "Levels" na Uchumi wa Ziara

Wimbo wa "Levels" ulitolewa rasmi Oktoba 2011, lakini kabla ya hapo ulikuwa umekwisha kusikika katika maonyesho yake kwa miezi mingi. Msingi wake ni mahadhi mafupi ya sintesaiza yanayorudiwarudiwa, na katikati yake kimewekwa kipande cha sauti ya Etta James kutoka katika wimbo wake wa mwaka 1962, "Something's Got a Hold on Me". Kwa hiyo, ndani ya wimbo ulioonekana kuwa wa Kizungu na wa kidijitali kabisa, ilisikika sauti ya Mmarekani Mweusi aliyelelewa katika uimbaji wa kanisani. Mwaka huohuo msanii Flo Rida aliutumia wimbo huo kujenga "Good Feeling". "Levels" uliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy, na Septemba 2012 Bergling akawa DJ wa kwanza kuwa msanii mkuu katika ukumbi wa Radio City Music Hall, New York.

Mafanikio hayo yalitokea wakati njia za mapato ya wanamuziki zilikuwa zinabadilika. Mauzo ya CD yalikuwa yameporomoka. Huduma za kusikiliza muziki kupitia intaneti, ikiwamo Spotify iliyoanzishwa Stockholm mwaka 2006, zilikuwa zinapanuka, lakini malipo kwa kila usikilizaji yalikuwa madogo mno. Mfano ulio wazi ulitolewa na Aloe Blacc, mwimbaji na mtunzi mwenza wa "Wake Me Up", wimbo wa Avicii uliopata umaarufu mkubwa kuliko zote. Katika makala aliyoichapisha Novemba 2014, Blacc alieleza kuwa wimbo huo ulikuwa umechezwa zaidi ya mara milioni 168 nchini Marekani kupitia huduma ya Pandora, na kwamba mirabaha ya utunzi iliyotokana nayo ilikuwa dola 12,359 tu, za kugawanywa kati ya watunzi watatu na wachapishaji wao. Takwimu hizo zinahusu huduma moja na aina moja ya mirabaha, lakini zinadhihirisha hali ya jumla: wimbo uliosikika kila mahali haukuleta fedha kulingana na kusikika kwake. Fedha zilikuwa jukwaani.

Ma-DJ walikuwa na sifa moja iliyowafanya wawe bidhaa bora kuliko bendi yoyote. Bendi ya roki husafiri na wapigaji, mafundi, ngoma na malori ya vifaa, na mwimbaji wake hulazimika kuipumzisha koo. Mambo hayo hugharimu fedha, lakini pia huwa breki: bendi haiwezi kupiga kila usiku. DJ wa zama za Bergling alihitaji tarakilishi ndogo au kijiti cha kuhifadhia muziki na vichwa-sauti. Mashine zilimsubiri kila alikokwenda. Aliweza kupiga tamasha alasiri katika nchi moja na klabu usiku katika nchi nyingine. Breki zote za zamani zilikuwa zimeondolewa, na iliyobaki ilikuwa moja tu, nayo ni mwili wake.

Soko lilikuwa tayari kuujaribu mwili huo. Kasino za Las Vegas zilianza kuwaajiri ma-DJ kwa misimu mizima, na Ibiza ilifanya hivyohivyo wakati wa kiangazi. Oktoba 2013 kampuni ya SFX Entertainment, iliyokuwa ikinunua matamasha ya muziki huu, iliuza hisa zake kwa umma na kukusanya dola milioni 260. Jarida la Forbes lilikadiria kuwa Avicii alipata dola milioni 28 katika orodha yake ya mwaka 2014. Kiasi hicho hakikutokana na uvivu wa kubonyeza vitufe, kama walivyodai wakosoaji. Kilitokana na idadi ya safari.

5.0 Miami 2013 na Albamu ya True

Machi 2013, katika tamasha la Ultra mjini Miami, Bergling alifanya jambo ambalo hadhira haikulitarajia. Alisimamisha mtiririko wa kawaida wa muziki wa dansi na kuwaleta jukwaani wapigaji na waimbaji wa moja kwa moja, akiwemo Aloe Blacc, mpiga gitaa Mike Einziger, mwimbaji wa bluegrass Dan Tyminski na mkongwe wa muziki wa country Mac Davis. Palisikika gitaa la mbao na banjo mahali ambapo watu walikuja kutafuta besi. Baadhi ya watazamaji walizomea, na wengine walidhihaki mtandaoni.

Miezi mitatu baadaye, Juni 2013, "Wake Me Up" ulitolewa na kushika nafasi ya kwanza katika nchi nyingi, ikiwamo Uingereza, huku ukifika nafasi ya nne katika chati kuu ya Marekani. Albamu ya True ilifuata Septemba. Dhihaka ikageuka kuwa uigaji, kwani katika miaka iliyofuata watayarishaji wengi walianza kuchanganya gitaa la mbao na mdundo wa hausi.

Tukio la Miami lina maana zaidi ya ushindi wa ladha. Linaonesha kwamba Bergling alijiona kuwa mtunzi wa nyimbo zaidi ya DJ. Alipopata jukwaa kubwa kuliko yote, alilitumia kuwaweka mbele watu wengine na kuwaonesha wasikilizaji jinsi wimbo unavyojengwa. Nile Rodgers, mpiga gitaa wa kundi la Chic aliyeshirikiana naye katika albamu hiyo, alimsifu hasa kwa kipaji cha kuunda mahadhi. Kwa maneno mengine, kilichomfanya awe na thamani kilifanyika studio, ilhali kilichomwingizia fedha nyingi kilifanyika kwingine.

6.0 Kuugua na Kustaafu, 2012–2016

Dalili za gharama ya mkinzano huo zilijitokeza mapema. Januari 2012, akiwa na umri wa miaka 22, Bergling alilazwa hospitalini New York kwa siku 11 kutokana na uvimbe wa kongosho uliohusishwa na unywaji wa pombe. Yeye mwenyewe alikiri hadharani kwamba alikunywa ili kupunguza woga kabla ya kupanda jukwaani. Kauli hiyo inastahili kuzingatiwa. Kwa kawaida pombe ya mwanamuziki huelezwa kama anasa, lakini hapa ilikuwa sehemu ya kazi, kama kiatu cha mchezaji. Aidha, ilipatikana bure katika kila klabu alimofanyia kazi hiyo.

Machi 2014 alifanyiwa upasuaji wa kuondoa kifuko cha nyongo na kidole tumbo, akakosa tamasha la Ultra la mwaka huo. Septemba 2014 alifuta maonyesho yote yaliyosalia ya mwaka. Dawa kali za kutuliza maumivu zilizotokana na maradhi hayo zilileta utegemezi mwingine, na mwaka 2015 aliingia katika matibabu ya uraibu. Oktoba mwaka huo albamu yake ya pili, Stories, ilitolewa.

Tarehe 29 Machi 2016 alitangaza kupitia barua ya wazi kwamba maonyesho ya mwaka huo yangekuwa ya mwisho. Alieleza kuwa maisha ya msanii yalikuwa yamemwachia nafasi finyu ya maisha ya mtu aliye nyuma ya msanii huyo. Hakusema kuwa anaacha muziki. Alitenganisha waziwazi vitu viwili ambavyo tasnia ilikuwa imeviunganisha: kutunga, alikotaka kuendelea nako, na kuonekana, alikotaka kukoma. Mwishoni mwa mwaka huo yeye na Pournouri waliacha kufanya kazi pamoja. Filamu ya maisha halisi ya Levan Tsikurishvili, Avicii: True Stories, ya mwaka 2017, inamwonesha akijaribu kuwaeleza waliomzunguka kuwa amechoka, huku ratiba ikiendelea kujadiliwa. Agosti 2017 alitoa nyimbo sita chini ya jina AVĪCI (01), na hakufanya ziara yoyote ya kuziuza.

7.0 Kifo na Mjadala Uliofuata

Tim Bergling alifariki dunia mjini Maskati, Omani, tarehe 20 Aprili 2018, akiwa na umri wa miaka 28. Siku iliyofuata maelfu ya watu walikusanyika katika uwanja wa Sergels torg, Stockholm, wakacheza na kulia. Barua ya familia ya tarehe 26 Aprili ilieleweka kuwa alijitoa uhai. Wazazi wake waliandika kwamba hakuumbwa kwa ajili ya mashine ya kibiashara aliyojikuta ndani yake.

Ngoma ivumayo sana, husema wahenga, haikawii kupasuka. Methali hii huja haraka mdomoni anapofariki msanii kijana, lakini humwacha nje ya picha mpigaji na wale wanaomlipa azidi kupiga. Kwa mwanahistoria, swali lenye manufaa ni nani aliyepanga mapigo, kwa masilahi ya nani, na kwa nini hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuyasimamisha. Jibu haliwezi kumwelemea mtu mmoja. Meneja, mawakala, wamiliki wa klabu, waandaaji wa matamasha, kampuni ya rekodi na msanii mwenyewe wote walinufaika na kila tarehe iliyoongezwa, na hakuna aliyenufaika na tarehe iliyofutwa.

Kuna pingamizi la haki dhidi ya hoja hii. David Guetta wa Ufaransa na Carl Cox wa Uingereza wamezunguka dunia kwa miongo kadhaa na bado wanapiga muziki. Kama ziara ndiyo iliyodhuru, mbona wao wako salama? Pingamizi hilo linasaidia kuinyoosha hoja badala ya kuibomoa. Guetta na Cox walikulia ndani ya klabu tangu ujana wao, na umaarufu wao ulipanda polepole. Umati kwao ulikuwa shule kabla haujawa mzigo. Bergling alitoka chumbani hadi kwenye majukwaa makubwa kuliko yote katika muda usiozidi miaka mitano, akiwa na tabia ya kukwepa macho ya watu. Ziara haikuwa sababu pekee ya kifo chake, na hakuna andiko la historia linaloweza kudai kuyajua yote yaliyokuwa moyoni mwa marehemu. Kinachoweza kuthibitishwa ni kwamba kazi ilipangwa kana kwamba kila mtayarishaji ni DJ, na kila mwili ni sawa.

Mambo kadhaa yalifuata. Mwaka 2019 wazazi wake walianzisha wakfu wa Tim Bergling, unaoshughulikia afya ya akili ya vijana na kuzuia watu kujiua. Juni mwaka huo ilitolewa albamu ya Tim, iliyokamilishwa na washirika wake kutokana na kazi alizoziacha. Tarehe 5 Desemba 2019 tamasha la kumbukumbu lilijaza uwanja wa Friends Arena, Stockholm, na mapato yake yakaelekezwa kwenye wakfu. Mwaka 2021 ukumbi mkubwa wa mviringo jijini humo uliitwa Avicii Arena.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba historia ya Tim Bergling haieleweki kwa kutazama kipaji pekee wala udhaifu pekee. Teknolojia ilimwondolea mtunzi ulazima wa bendi, studio na jukwaa. Soko lilimrudishia jukwaa na kuliweka mbele yake karibu kila usiku, kwa kuwa ndilo lililolipa. Kati ya nguvu hizo mbili alisimama kijana ambaye kazi yake bora ilifanyika kwa utulivu.

Kwa wanaoandika historia ya muziki wa dansi wa kielektroniki, funzo ni la kimbinu. Chati, tuzo na mauzo ni ushahidi wa kile hadhira ilichopokea. Ratiba za safari, mikataba ya maonyesho na kumbukumbu za kulazwa hospitalini ni ushahidi wa kile msanii alichotoa. Aina ya pili ya ushahidi haijapewa uzito wa kutosha, na bila ya hiyo, kazi ya DJ itaendelea kuandikwa kana kwamba ilifanywa na mashine peke yake.